MASHAIRI YA WAINGEREZA YATUHUSU NINI?

Muhula uliopita, siku ya Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, nalikuwa nikisomesha mashairi ya Kiingereza katika Kidato cha Tatu. Jua lilikuwa kali, na baadhi ya wanafunzi walikwisha anza kutazama upande wa jikoni. Kijana mmoja aketiye nyuma aliinua mkono, akauliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, mashairi haya ya watu wa Ulaya, wanaolilia vita vyao na wachumba wao, yatuhusu nini sisi?" Darasa zima likacheka. Nami nikamjibu kwa maneno machache: "Yatakuhusu siku ya mtihani." Wakacheka tena, kengele ikalia, tukatoka.

Jibu lile halikunipa raha. Usiku, nalipokuwa nikisahihisha madaftari, naliona kwamba kijana yule ameuliza swali la haki, nami nimemjibu kama mtu afukuzaye nzi. Mwalimu asiyejua sababu ya kusomesha jambo hana haki ya kumlaumu mwanafunzi asiyejua sababu ya kujifunza jambo hilo. Basi nimemwomba mhariri wa gazeti letu anipe nafasi nijaribu kumjibu kijana yule vizuri zaidi, na pamoja naye wanafunzi wengine, walimu wenzangu, na wazazi ambao huwaona watoto wao wakikariri maneno haya nyumbani bila ya kujua yametoka wapi.

Kwa kusema mashairi ya siku hizi nakusudia yale yaliyotungwa Uingereza tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Ni mengi mno, lakini mambo makubwa yaliyomo ni matatu: mapenzi, vita, na mabadiliko ya maisha ya watu. Nitayaeleza moja moja, kisha nitarudi kwa swali la kijana.

Vina na mizani

Kabla ya hayo, yafaa tuondoe kikwazo kimoja. Sisi tumelelewa na shairi lenye beti za mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho. Mwanafunzi aliyezoea hayo akifungua kitabu cha mashairi mapya ya Kiingereza, akaona mstari mmoja mrefu, wa pili mfupi, na vina hakuna, husema, "Hili si shairi, mtu huyu ameshindwa kazi."

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Waingereza nao walikuwa na sheria zao za vina na mapigo tangu zamani, na washairi wao wengi walizifuata, na wengine wanazifuata mpaka leo. Walioziacha hawakuziacha wote kwa uvivu. Baadhi yao waliona kwamba maisha yenyewe yamevunjika, na shairi laini lenye vina vitamu lingekuwa kama kumpaka mgonjwa manukato bila ya kumfunga jeraha.

Nitatoa mfano mmoja. Mshairi Wilfred Owen, ambaye nitamtaja tena, alizoea kutumia kina kisichotimia, yaani konsonanti zabaki zilezile lakini irabu zabadilika. Kwa Kiswahili ni kama mtu akupaye neno "moto" mwisho wa mstari wa kwanza, kisha akupe "mate" mwisho wa mstari wa pili. Sikio lako limengoja kina kitimie, nalo halipati. Wabaki na wasiwasi kidogo, hujui kwa nini. Owen alitaka uwe na wasiwasi huo, maana alikuwa akieleza watu waliokuwa wakifa.

Mapenzi

Watu hudhani kwamba mashairi ya mapenzi ni ya vijana. Mimi ningependa tuanze na mzee wa miaka sabini na miwili.

Thomas Hardy alizaliwa mwaka 1840 katika wilaya ya Dorset, kusini ya Uingereza, mwana wa fundi mwashi. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchora majengo, na mwaka 1870 alitumwa Cornwall kukagua kanisa moja bovu. Huko alimwona msichana aitwaye Emma Gifford, wakapendana, na mwaka 1874 wakaoana. Hardy akawa mtunga hadithi mashuhuri. Walakini kadiri miaka ilivyopita mapenzi yalipoa. Walikaa nyumba moja kama wapangaji wawili wasiosemezana, yeye akiandika katika chumba chake, mkewe akikaa peke yake katika vyumba vya juu chini ya paa. Tarehe 27 Novemba 1912 Emma alikufa, pasipo mumewe kutambua mapema kuwa maradhi yake yalikuwa mazito.

Ndipo moyo wa mzee yule ulipofunguka. Mwezi wa Machi mwaka 1913 alisafiri mpaka Cornwall, akapita njia zilezile alizopita na Emma zaidi ya miaka arobaini nyuma, akatunga mashairi ya kumlilia, ambayo yalitolewa katika kitabu mwaka 1914. Wengi wenye kujua huyahesabu kuwa miongoni mwa mashairi bora ya mapenzi katika lugha ya Kiingereza. Ndani yake hajisifu. Asema wazi kwamba alikuwa na mtu karibu naye, hakumtazama, na sasa amtafuta mahali ambapo hayupo.

Kwetu pia mambo haya yapo. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi lake liitwalo "Amina", na hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua. Mtu akiyasoma mashairi ya watu hawa wawili pamoja, mmoja wa Dorset na mmoja wa Tanga, ataona kwamba tofauti ya lugha na dini na rangi haikuzuia machozi kufuata njia moja. Tena atapata fundisho ambalo halimo katika mtihani: zungumza na watu wa nyumbani mwako wangali hai.

Vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilianza mwaka 1914, na Uingereza iliingia tarehe 4 Agosti. Hapo mwanzo vijana wengi waliviona kama safari ya fahari. Mshairi wa siku zile alikuwa Rupert Brooke, kijana mzuri wa sura, aliyetunga soneti tano za kusifu kufa kwa ajili ya nchi. Moja katika hizo ilisomwa katika Kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo, London, siku ya Pasaka ya mwaka 1915. Hata mwezi haukuisha, Brooke alikufa. Hakuuawa kwa risasi. Alipokuwa safarini kwenda vitani kwa meli, aliumwa na mbu mdomoni, jeraha likaingia sumu, akafa tarehe 23 Aprili 1915, naye ana miaka ishirini na saba. Alizikwa katika kisiwa cha Skyros, nchi ya Ugiriki. Simtaji kwa kumdharau. Mashairi yake ni ya mtu ambaye hakudiriki kuyaona mahandaki ya Ufaransa.

Walioyaona waliandika namna nyingine. Vita vile havikuwa vya upanga na farasi. Askari walikaa katika mahandaki yenye matope na panya, na mbele yao palikuwa na waya wa seng'enge na bombomu ziwezazo kufyeka kikosi kizima kwa dakika chache. Mwezi wa Aprili 1915 Wajerumani walifungulia hewa ya sumu karibu na mji wa Ypres, na baadaye pande zote mbili zikaitumia. Siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Waingereza peke yake lilipoteza watu zaidi ya 19,000 waliokufa, na wengine wengi zaidi kujeruhiwa. Ndugu msomaji, fikiri idadi ya wanafunzi katika shule yetu, kisha ujiulize ni shule ngapi kama hii zilizofutika siku hiyo moja.

Siegfried Sassoon alikuwa ofisa hodari, akapewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi mwaka 1916. Lakini mwaka 1917 aliandika tamko la kukataa kuendelea kupigana, akisema kwamba vita vinarefushwa na watu wenye uwezo wa kuvimaliza. Tamko lile lilisomwa katika Bunge. Angaliweza kushtakiwa, lakini rafiki yake Robert Graves, ambaye naye alikuwa mshairi na askari, alifanya juhudi apelekwe mbele ya madaktari, nao wakampeleka hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, kana kwamba ni mgonjwa wa mshtuko wa vita.

Katika hospitali hiyo alikuwamo ofisa mwingine mdogo, Wilfred Owen, aliyezaliwa mwaka 1893. Huyu alikuwa mgonjwa kweli, maana makombora yalikuwa yamemvuruga akili. Mwezi wa Agosti 1917 Owen alimwendea Sassoon kwa haya, akamwonyesha mashairi yake. Sassoon aliyasoma, akayasahihisha kwa kalamu, akamwambia ni neno gani libadilishwe. Karatasi za mojawapo ya mashairi hayo zipo mpaka leo, na mwandiko wa watu wawili waonekana juu yake. Enyi wanafunzi ambao hukunja uso mnapoona wino mwekundu katika madaftari yenu, kumbukeni jambo hilo. Shairi lile ni moja katika mashuhuri kabisa ya karne yake, na mtungaji wake alikubali kusahihishwa.

Katika shairi jingine Owen aeleza askari mmoja aliyechelewa kuvaa kinyago cha kuzuia hewa ya sumu. Aeleza alivyokufa, pasipo kuficha kitu, kisha amgeukia msomaji akimwambia kwamba angaliona hayo, asingaliwafundisha watoto ule msemo wa zamani wa Kirumi usifuo utamu wa kufa kwa ajili ya nchi. Aliandika pia dibaji fupi ya kitabu alichotaka kukitoa, akieleza kwamba hakusudii kusifu mashujaa. Alitaka kuonya.

Owen alipopona alirudi Ufaransa mwaka 1918. Angaliweza kubaki, lakini aliona kwamba haifai aseme kwa niaba ya askari hali yeye yuko mbali nao. Naye alipata nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Tarehe 4 Novemba 1918 aliuawa penye mfereji wa Sambre na Oise, karibu na kijiji cha Ors, naye ana miaka ishirini na mitano. Siku saba baadaye, tarehe 11 Novemba, saa tano ya asubuhi, vita vilikwisha. Siku ileile, huku kengele za makanisa zikilia kwa shangwe katika mji wa Shrewsbury, simu ya maandishi ilifika nyumbani kwa wazazi wake kuwaarifu kwamba mwana wao amekufa.

Watu hawakumjua Owen alipokuwa hai. Mashairi machache sana yalikuwa yamepigwa chapa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1920, na Sassoon alikiandikia utangulizi. Mwaka 1962, Kanisa Kuu la Coventry lilipofunguliwa upya baada ya lile la zamani kubomolewa kwa mabomu katika Vita vya Pili, mtunzi wa muziki Benjamin Britten aliyatia mashairi ya Owen katika muziki wake mkubwa ulioimbwa huko.

Tusidhani kwamba maofisa ndio peke yao walioandika. Isaac Rosenberg alikuwa askari wa kawaida, mtoto wa Wayahudi maskini waliohamia Uingereza, aliyelelewa mashariki ya London. Aliandika katika mahandaki kwa karatasi yoyote aliyoipata, akauawa tarehe 1 Aprili 1918. Wala si wanaume peke yao. Vera Brittain aliacha masomo yake ya Oxford akawa muuguzi. Mchumba wake alikufa mwezi wa Desemba 1915, na ndugu yake wa pekee mwezi wa Juni 1918. Mwaka huohuo wa 1918 alitoa kitabu cha mashairi yake ya uuguzi, na mwaka 1933 akaandika kitabu cha maisha yake ambacho chasomwa mpaka leo.

Mabadiliko ya maisha

Vita vilipokwisha, Uingereza haikurudi kuwa kama zamani. Mwaka 1918 wanawake wenye umri wa miaka thelathini na zaidi, waliotimiza masharti ya mali, walipewa kura, na mwaka 1928 wakapewa sawa na wanaume. Vijana waliorudi vitani hawakuwasujudia tena wakubwa kama baba zao. Wengi hawakujua washike imani gani.

Hali hiyo ya kuchanganyikiwa ndiyo aliyoishika T. S. Eliot. Alizaliwa Marekani mwaka 1888, akahamia London, akawa karani wa benki. Kila siku aliona makarani wenzake wakivuka daraja kwenda kazini, kichwa chini, kama watu waliokwisha kufa. Mwaka 1922 alitoa shairi lake kubwa, "The Waste Land", lenye mistari zaidi ya 400, sauti za watu wengi na maneno ya lugha mbalimbali, hata Kisanskriti cha India. Shairi hili ni gumu, nami sitawadanganya kwamba nalifahamu lote. Humwambia mwanafunzi alisome kama mtu apitaye sokoni, akisikia neno hili huku na neno lile kule, mpaka aone ni soko la namna gani. Mwaka 1948 Eliot alipewa Tuzo ya Nobel.

Miaka ya thelathini ililetea Uingereza ukosefu wa kazi. Ulipozidi kabisa, watu waliokosa kazi walikaribia milioni tatu. Mwaka 1936 wanaume 200 walitembea kwa miguu kutoka mji wa Jarrow, ambako kiwanda cha meli kilikuwa kimefungwa, mpaka London kupeleka maombi yao Bungeni. W. H. Auden na rafiki zake walianza kutia katika mashairi viwanda, reli, na watu wasio na kazi, mambo ambayo wazee waliyaona hayafai kwa ushairi. Mwaka huohuo wa 1936 Auden alitunga mashairi ya sinema moja juu ya gari moshi lipelekalo barua Uskochi usiku. Mapigo ya mistari yake yafuata magurudumu, yakipanda mlima polepole na kuteremka mbio. Mpiga ngoma yeyote wa kwetu angalifahamu kazi ile bila ya kujua neno moja la Kiingereza.

Baada ya Vita vya Pili alikuwako Philip Larkin, mwangalizi wa maktaba katika Chuo Kikuu cha Hull. Kitabu chake cha mwaka 1964 kimepewa jina la shairi moja ambalo ndani yake amepanda gari moshi kwenda London siku za Pentekoste, na kila stesheni maharusi wapya wanapanda, huku jamaa zao wakiwapungia mikono. Hapana jambo kubwa litokealo. Lakini ukilimaliza waona nchi nzima imepita dirishani, pamoja na matumaini ya watu wa kawaida.

Nchi hiyo ilizidi kubadilika. Mwezi wa Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilifika Tilbury na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi waliokuwa wakitafuta kazi, na wengine wengi wakafuata. Watoto wao walikua Uingereza, wakaona ubaguzi, wakauandika. Linton Kwesi Johnson, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1952 na kuhamia London mwaka 1963, alitunga kwa Kiingereza cha watu wake wa Jamaika, na kuyasoma mashairi yake pamoja na ngoma za rege. Wapo walionuna wakisema hicho si Kiingereza. Mwaka 2002 mashairi yake yalitolewa katika mfululizo wa vitabu vya heshima pamoja na ya wale wakubwa. Mwaka 2009 Carol Ann Duffy alifanywa mshairi rasmi wa Ufalme, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho, ambacho tangu mwaka 1668 kilikuwa cha wanaume watupu.

Jibu langu kwa kijana wa Kidato cha Tatu

Sasa narudi kwa swali. Vita vile havikupiganwa Ulaya tu. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walipeleka majeshi kutoka India kuishambulia Tanga, wakashindwa na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Vita viliendelea katika nchi yetu miaka minne. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 katika mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mizigo ya majeshi ilichukuliwa vichwani na wapagazi. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa na kuhara na homa. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Katikati ya mji huohuo, Barabara ya Samora, ipo Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Chini yake pana maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili. Wengi hupita hapo kila siku, lakini si wengi wanaojua kwamba maneno hayo yalitungwa na mshairi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Yanaahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na wanawe.

Sasa sikilizeni habari ya Kipling mwenyewe. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, John. Vita vilipoanza, John alikataliwa jeshini kwa ubovu wa macho. Baba yake, aliyekuwa akihimiza vijana waende vitani, alimwomba rafiki yake mkubwa wa jeshi, na kijana akapokewa. Mwezi wa Septemba 1915 John alipotea katika mapigano ya Loos, naye ana miaka kumi na minane. Baba alimtafuta miaka mingi. Alijiunga na tume ya kuangalia makaburi ya askari, akawatungia wengine maneno ya kuandikwa juu ya mawe, lakini mpaka alipokufa mwaka 1936 kaburi la mwanawe lilikuwa halijajulikana. Maneno yaliyo katika sanamu yetu yaliandikwa na mzazi wa aina hiyo.

Naliposoma habari hizi nalikumbuka jambo la nyumbani kwetu Upare. Baba yake bibi yangu mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1917, bibi akiwa angali mgongoni mwa mama yake. Hakurudi. Hapana aliyeleta simu wala barua, na mkewe alingoja mpaka alipozeeka. Haya nalikuwa nikiyasikia tangu utoto wangu kama watu wasikiavyo habari ya mvua ya mwaka juzi. Hata jina la mzee yule nalikuwa silijui.

Likizo iliyopita nalikwenda kumwona shangazi yangu, ambaye umri wake sasa ni zaidi ya miaka themanini. Nalimwamkia, nikaketi, nikamwuliza. Alinitajia jina, na jina la baba yake, na mahali walipoagana njiani. Kisha akaniambia kwamba mama yake bibi alikuwa na wimbo wake, wa Kipare, aliouimba akitwanga, wa kumwita mumewe arudi. Shangazi aliuanza kwa sauti ndogo, akaimba beti mbili, akanyamaza. Alijaribu tena, akatikisa kichwa. "Ubeti wa tatu ulikuwapo," akasema. "Mama alikuwa akiujua. Mbona hukuuliza mama alipokuwa hai, mwanangu? Wewe ndiwe mwalimu."

Sikuwa na la kumjibu. Beti mbili nimeziandika katika daftari langu, pamoja na jina la mzee yule. Wa tatu umepotea, na mimi, niliyesomesha mashairi ya Owen miaka mingi, nilikuwa na miaka yote ya ujana wangu ya kuuliza.

Hivyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Mashairi ya Waingereza yatuhusu kwa sababu vita vile vilikuwa vyetu pia, na mapenzi na mabadiliko ya maisha hayana kwao. Tena yatuhusu kwa sababu yanatuonyesha faida ya kuandika. Mama yake Owen alipoteza mwana, lakini karatasi zake zilihifadhiwa, na zaidi ya miaka mia baadaye mtoto wa Kitanzania aweza kujua askari yule aliona nini. Sisi nasi hatukuwa na upungufu wa washairi. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani vya mwaka 1888, na Shaaban Robert utenzi juu ya Vita Vikuu vya Pili, nasi twaweza kuvisoma vyote kwa sababu viliandikwa. Wimbo wa mama yake bibi yangu haukuandikwa.

Nawaombeni jambo moja, wanafunzi wote. Mtakapokwenda likizo, kila mmoja wenu amwulize mzee mmoja wa nyumbani juu ya mtu mmoja aliyeondoka asirudi, iwe kwa vita, kwa kazi ya mbali, au kwa bahari. Mwandike jina lake, na kama upo wimbo au shairi lake, mwandike maneno yake kwa lugha yoyote uliyotungwa. Nanyi wazazi, twawasihi muwape watoto muda, hata kama maswali yao ni mengi na kazi zimewasonga. Mhariri ameniahidi kurasa nne katika toleo la muhula ujao, nami nitayakusanya madaftari siku ya kwanza ya masomo. Mara hii sitasahihisha kwa wino mwekundu.

Mwalimu wa Kiingereza